Kuonja Si Kula

Mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha sabuni alikuwa na sheria moja ambayo hata meneja hakuthubutu kuigusa: chakula hakitoki jikoni kabla hakijapita ulimini mwake. Si kwamba hakuwaamini wasaidizi wake. Aliwaamini katika kumenya, kukata, kuosha na kupiga umbea. Lakini chumvi, hapana. Chumvi ilikuwa yake, na ndiyo maana kiwanda kizima, kuanzia walinzi wa getini hadi wahasibu wa ghorofani, walimwita Mama Chumvi, na wengi hawakujua kama ana jina jingine.

Alionja kwa namna yake. Alichota mchuzi kwa mwiko, akaudondoshea kwenye kiganja cha kushoto, akaulamba, kisha akafumba macho kidogo kama mtu anayekumbuka alikoweka funguo. Maharage aliyatafuna mawili matatu ili ajue kama yameiva hadi ndani, maana maharage ni waongo, yanalainika ganda huku moyo ni mgumu. Nyama aliimega kwa meno ya mbele. Alifanya hivyo kutwa, sufuria hadi sufuria, na jioni ukimuuliza amekula nini, angekujibu bila kupepesa macho kwamba hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Wapishi ndivyo walivyo. Kwao kula ni kunawa mikono, kukaa kitako na kuwa na sahani. Kilichopita kiganjani hakihesabiki.

Mtu kama huyo ndiye aliyeambiwa na daktari kwamba siku moja kabla ya kipimo asile chochote.

Kipimo chenyewe hakikuwa kigeni kwake. Kaka yake mkubwa, seremala mmoja aliyejigamba kwamba hajawahi kumeza kidonge, alikufa kwa saratani ya utumbo mpana, na baada ya mazishi daktari aliyemtibu akawaita wadogo zake wote. Akawaeleza kwamba ugonjwa ule ukishaingia kwenye ukoo huwa unarudi, na kwamba njia ya kuuwahi ni kwenda kuutafuta kabla haujajitokeza wenyewe. Ndugu wengine wakasema Mungu yupo, wakaenda zao. Mungu yupo kweli, lakini ni Mama Chumvi peke yake aliyekwenda. Wakampitishia kamera kwa mlango ambao mtu mzima hautaji mbele za watoto, wakakuta kinyama kidogo kimeota ukutani mwa utumbo, wakakikata papo hapo. Daktari wa kamera akamwambia kinyama kile hakikuwa kibaya bado, ila vinyama vya aina hiyo vikiachwa ndivyo vinavyogeuka saratani, kwa hiyo yeye sasa atakuwa anarudi kila baada ya miaka mitatu, maisha yake yote.

Alirudi nyumbani kifua mbele. Alimhadithia binti yake mkasa mzima, mpaka ile dawa ya kusafisha tumbo iliyomfanya ahamie chooni na kiti chake, na binti akacheka hadi akashika mbavu. Binti huyo alikuwa fundi wa simu, mwenye kibanda chake karibu na kituo cha mabasi, na kila mtu alimwita Fundi. Walikuwa wawili tu duniani, yeye na mama yake, baba akiwa amekwenda kutafuta maisha na kuyapata huko huko.

Miaka mitatu ilipotimia, tarehe ya kipimo ikaangukia siku moja baada ya ugeni mkubwa. Wenye kiwanda walikuwa wanakuja kula chakula cha mchana kantini, na cha jioni vilevile. Angeweza kuomba abadilishiwe siku, lakini ukibadilisha unarudishwa nyuma ya foleni, na foleni ya kamera ni ndefu. Na kuwaachia wasaidizi sufuria za wageni, afadhali umwachie mwizi ufunguo. Akaamua kubeba yote mawili. Siku ile alikunywa maji na chai kavu kama alivyoelekezwa. Wenzake walipokaa kula, yeye alikwenda kusimama uani ili harufu isimtese. Msaidizi wake wa siku nyingi, mwanamke mpole aliyekuwa akimwita dada ingawa hawakuwa na udugu wowote, alimwonea huruma hadi machozi yakamlenga. Halafu wote wakarudi kwenye sufuria, na Mama Chumvi akaonja. Akaonja sana kuliko siku zote, kwa sababu ya wageni. Alipofika nyumbani kunywa ile dawa usiku ulikuwa umeshaingia.

Kesho yake alizinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi akamkuta daktari wa kamera amesimama miguuni pa kitanda, hana tabasamu. Akamweleza kwamba tumbo halikuwa safi. Nusu ya utumbo waliiona, na hiyo nusu ni nzuri. Nusu ya mbali, upande wa kulia, hawakuweza kuiona kwa sababu ya mabaki ya chakula. Akamuuliza kama jana alikula.

"Sikula kitu, daktari," alisema Mama Chumvi, na alisema kwa moyo mweupe kabisa.

Daktari akasema basi atapangiwa tarehe ya kurudia, wala isiwe mbali, akaondoka. Nesi ndiye aliyebaki akimtoa sindano mkononi. Alikuwa nesi mwenye utani, na bila nia mbaya akamwambia, "Mama, mbona kule ndani kulikuwa na maharage?"

Hapo ndipo alipoelewa. Aibu ilimpanda kutoka kwenye nyayo. Mtu mzima, mpishi mkuu, amedanganya kama mtoto aliyekutwa na sukari midomoni, tena mbele ya watu waliomwona mpaka ndani ya matumbo. Alivaa kanga na viatu vyake haraka haraka, akatoka bila kumwangalia yule nesi usoni. Binti yake alikuwa anamsubiri kwenye benchi la nje, kashika mkoba wake kwa mikono yote miwili. Akauliza wamesemaje.

"Wamesema pazuri," mama akajibu.

Ilikuwa nusu ya kweli, kama ile nusu ya utumbo. Fundi akamkumbatia pale pale mbele ya watu, akamwinua kidogo kutoka chini, wakaondoka wakicheka.

Nesi alipiga simu baada ya wiki kadhaa kumpa tarehe mpya. Mama Chumvi akaipokea, akaisifu, akasema atakuja, na siku ilipofika akajikuta ana kazi nyingi. Nesi akapiga tena. Safari hii aliiangalia simu ikiita juu ya meza ya kukatia vitunguu mpaka ikanyamaza. Alijiambia kwamba kama kungekuwa na kitu angekisikia. Alijiambia kwamba kinyama kilishakatwa na kwamba nusu iliyoonekana ilikuwa nzuri, na nusu ya pili ni ya mtu yule yule, inaachaje kuwa nzuri? Mtu akitaka kujidanganya hakosi hoja. Simu ikaacha kuita.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, na yeye aliumbuliwa taratibu. Kwanza uchovu, akasingizia umri. Kisha nguo zikawa kubwa, na kiwandani wakamsifu kwamba amependeza. Halafu weupe wa viganja, kizunguzungu jikoni, na mwisho tumbo likajifunga kabisa, akaletwa hospitali akiwa amekunjamana kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Walimpasua. Walichokikuta upande wa kulia kilikuwa uvimbe mkubwa, na vitoto vyake vilikuwa vimeshahamia kwenye ini.

Daktari wa safari hii alikuwa kijana, mgeni katika hospitali hiyo, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Aliwaketisha mama na binti katika chumba kidogo chenye dirisha lililopakwa rangi nyeupe, akawaambia kwamba hawataweza kuuondoa. Watapunguza maumivu. Fundi alisikiliza mpaka mwisho bila kulia, kisha akaanza kuuliza maswali, kwa sauti ile ile anayowaulizia wateja simu ilianguka wapi na lini. Ilikuwaje mtu aliyekuwa akipimwa, tena kwa ratiba yao wenyewe, akutwe na kitu kikubwa hivyo? Walikuwa wanapima nini?

Daktari akafungua faili. Akasema kwa upole kwamba kipimo cha mwisho hakikukamilika, na kwamba mama alitakiwa kurudi.

Fundi akamgeukia mama yake. "Mama, walikuambia urudi?"

Mama Chumvi alimtazama mwanawe. Uso ule ulikuwa umeshajiandaa kumpigania. Ulikuwa tayari kugombana na hospitali nzima, kuanzia daktari hadi mfagiaji, kwa ajili yake. Kusema ndiyo ilikuwa kuuambia uso huo kwamba hakuna wa kugombana naye ila mama mwenyewe, aliyeuza maisha yake kwa sufuria ya maharage na kwa aibu ya nesi mmoja mcheshi. Hakuweza.

"Hapana," alisema. "Waliniambia niko mzima."

Daktari akafunga faili polepole. Hakubishana. Alisema tu kwamba kuna jambo moja lililobaki, na kwa maoni yake ndilo kubwa kuliko yote yaliyosemwa siku hiyo. Mjomba amekufa kwa ugonjwa huu, mama anao, kwa hiyo binti naye lazima aanze kupimwa sasa, asisubiri dalili, maana anayesubiri dalili huwa ameshachelewa. Angependa amwandikie tarehe.

"Mimi?" Fundi akasimama. "Daktari, nikimwambia mteja simu yake ni nzima, halafu ikamzimikia njiani, atarudi kwangu? Nyinyi mlimwambia mama yangu ni mzima. Sasa hapa mnaandika kwamba alikataa kurudi. Kamera yenu ni ya uongo na karatasi zenu ni za uongo. Mimi hamnipati."

Husemwa kwamba njia ya mwongo ni fupi. Ya Mama Chumvi ilikuwa ndefu, na mbaya zaidi, mwanawe alikuwa ameshaingia humo nyuma yake.

Alirudishwa nyumbani. Fundi akafunga kibanda, akahamia kwake na kazi zake, akawa anatengeneza simu mezani huku anamwangalia. Alimwogesha, alimgeuza, alimpikia. Mama Chumvi alikuwa na siku nyingi za kulala chali na kufikiri, na hakufikiri kuhusu kufa kwake kama alivyodhani angefikiri. Alifikiri kuhusu tumbo la mwanawe. Kila Fundi alipopita mbele ya kitanda, mama alimtazama kiunoni, pale blauzi inapoingia kwenye sketi, akijaribu kuona ndani. Huenda hakukuwa na kitu. Huenda kilikuwapo kinyama kimoja kidogo, cha kukatwa dakika hiyo hiyo, mtu akaenda zake nyumbani akicheka.

Alijaribu kwanza kwa njia za pembeni. Alimsihi, akamkumbusha mjomba, akajifanya kukasirika. Fundi alimjibu kwa adabu na hakusogea hata inchi. Basi jioni moja, binti akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda na bakuli la supu, akiionja kwa ncha ya kijiko kila mara kabla ya kumlisha ili isimchome, mama akasukuma mkono wake pembeni.

"Mwanangu, nisikilize. Walinipigia. Nesi alinipigia mara mbili nirudi, mimi ndiye sikwenda. Na ile kamera haikukosea. Haikuona kwa sababu mimi nilikula siku ile. Nilionja kutwa nzima, maharage na nyama na kila kitu, nikamwambia daktari sikula. Nimejiua mwenyewe. Nenda kapimwe."

Fundi aliweka bakuli chini. Macho yake yakajaa machozi, lakini si yale ambayo mama aliyategemea.

"Mama," alisema, "mpaka leo hujaacha tu. Msaidizi akiunguza wali unasema ni wewe. Baba ametukimbia, ulisema ni wewe. Sasa na hospitali wamekuua, ni wewe. Ungejisingizia hata kuua mtu, mradi tu mimi nikalale kwenye kitanda chao."

Mama akasema safari hii si kujisingizia. Akamwambia amwangalie yeye mwenyewe: hiyo supu aliyokuwa anaionja tangu saa ile, je, leo amekula?

"Sijala tangu asubuhi."

"Na hivyo vijiko ulivyoonja?"

Fundi akacheka kidogo katikati ya machozi. "Kuonja ndiyo kula, mama?"

 Mama Chumvi akaomba aitwe msaidizi wake wa kantini. Yeye alikuwapo, yeye atasema. Keshokutwa yake yule mwanamke alikuja, amevaa nguo za kutokea, akakaa kwenye kiti cha plastiki na magoti yake pamoja kama aliyeitwa mahakamani. Mama Chumvi akamwomba aeleze ile siku ya wageni, siku moja kabla ya kipimo. Amwambie huyu mtoto kama alikula au hakula.

Msaidizi akageuka kwa Fundi. Alikuwa amekuja kumpa dada yake heshima yake ya mwisho, na aliitoa kwa moyo wote. Akasema siku ile ataisimulia mpaka anaingia kaburini. Watu wote walikula, hata mlinzi wa getini alipelekewa sahani, lakini huyu dada alisimama juani uani na glasi ya maji. Aliwapikia wenye kiwanda tangu asubuhi mpaka giza, na hakutia mdomoni hata punje.

"Lakini nilionja," Mama Chumvi alisema, na sauti ilikuwa imekwisha.

"Ah, kuonja ni kazi, dada," alisema msaidizi. "Sasa ungepikaje?"

Fundi alimshukuru mgeni, akamsindikiza mpaka mlangoni. Aliporudi alimfunika mama yake shuka mpaka mabegani, akamwambia sasa apumzike, na suala hilo wasilizungumze tena. Hakusema kwa ukali. Alikuwa na amani kama mtu aliyethibitishiwa jambo lake. Usiku ule Mama Chumvi alilia akiwa amegeukia ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu augue aliichukia kazi yake, akawachukia wapishi wote na ulimi wake mwenyewe.

Alipojaa maji tumboni alirudishwa wodini. Wodi ya wanawake ilikuwa kwenye ukumbi mmoja na chumba cha kamera, mlango kwa mlango, na benchi la wanaosubiri kipimo liliegemea ukuta wa kitanda chake. Yule daktari kijana alipopita, alimshika koti, akamwomba kwa sauti ya kunong'ona amwandike binti yake hata kama amekataa. Huenda siku ikifika atalainika. Daktari akasema tumbo lisiposafishwa hawataona kitu. Mama Chumvi akasema anajua. Daktari akamtazama, akamwandika, na jioni akamletea Fundi ile dawa ya kusafisha tumbo na maelezo yake, akamwekea juu ya kabati la kitanda. Fundi akaisogeza nyuma ya jagi la maji, akaendelea kumpangusa mama yake uso.

Asubuhi ya kipimo alikuja mapema kuliko siku zote, na moyo wa mama uliruka. Lakini alikuja na mkate na chai ya maziwa kwenye chupa. Akavuta kiti, akakaa, akaumega mkate akala, kwa sababu, alisema, leo anataka kukaa naye mchana kutwa na hataki kuondoka kwenda kutafuta chakula. Akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa wa joto, una alama ndogo ndogo za kuungua za kazi ya simu. Mama akaubana kwa nguvu aliyokuwa nayo, akajaribu kuusukuma kuelekea mlangoni, na Fundi, akidhani ni maumivu, akaubana zaidi.

Nje ukumbini mlango wa chumba cha kamera ulifunguliwa. Nesi akaita jina la mtu wa kwanza, mtu huyo akaingia. Baada ya muda akaita la pili. Kisha akaita jina la Fundi, jina lake lote, lile ambalo mama yake alimpa na ambalo hakuna aliyelitumia siku hizi.

"Wanakuita," mama alisema.

"Najua. Lala, mama."

Nesi akaita tena, kwa sauti ya juu kidogo, akasubiri. Fundi akainuka. Akatembea mpaka mlangoni, akausukuma taratibu ukafunga, ili kelele za nje zisimsumbue mgonjwa, na akarudi kukaa. Kupitia ukuta Mama Chumvi alisikia nesi akiita jina la mtu mwingine.